Mikono Ndani ya Koti la Ooko

Kipruto alifika kwangu jioni, nikiwa ndio nimetua kikapu kutoka kituo cha kupima majani chai. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwa boma.

Huyu Kipruto ni shemeji yangu, bwana wa dada yangu Chepchumba. Chepchumba alipotea mwaka wa tisini na mbili. Kipruto akatangaza ametoroka na dereva wa lori la kiwanda, wameenda Kisumu. Kabla ya mwaka kuisha, alikuwa ameoa mwingine. Watu waliamini. Mama yetu alikufa akiangalia barabara.

Mimi sikuamini. Lakini nani angesikiliza mwanamke wa darasa la tatu? Nilinyamaza, nikangoja. Nilitaka kitu kimoja tu: kujua dada yangu yuko wapi.

Jioni hiyo Kipruto alikuwa amebeba kamera ya zamani, ile ya filamu, ndani ya mfuko wa unga. Alijua nilifanya kazi miaka tisa kwa studio ya Ooko pale Kapkatet. Nilianza na kufagia, nikaenda kwa kuosha picha, mwishowe nikarekebisha kamera zenyewe, maana Ooko alipenda chang'aa kuliko kazi. Sasa mjukuu wa Kipruto, Jentrix, msichana anayesoma chuo cha Kabianga, ameikuta darini na anaitaka. Shida, haibonyezeki. Tena mzee akasema filamu iliyo ndani niitoe niichome, Jentrix asiione.

Nikamuuliza kwa nini asifungue mwenyewe.

Akaangalia chini. "Nimejaribu, shemeji. Kila nikivuta kifuniko... kuna kitu kinavuta kutoka ndani."

Akacheka peke yake.

Nikaiweka mezani. Kidude cha kubonyeza kilikuwa kigumu kama jiwe. Mkono wa kuvuta filamu ulikuwa umekwama nusu njia. Hapo huwa ni filamu imefika mwisho na mtu mwenye haraka akaendelea kuvuta, basi pazia la ndani, lile linalozuia mwanga, likashikwa katikati, halifungi, halifunguki. Nikabonyeza kile kidude cha chini, nikazungusha kirudishi, kile cha kurudisha filamu, polepole. Hakikuenda. Lakini harufu ilitoka.

Udongo mbichi. Udongo wa shamba la chai mvua ikitoka kunyesha.

Kamera imekaa darini miaka thelathini na kitu. Udongo mbichi umetoka wapi?

Kamera yenye filamu haifunguliwi kwenye mwanga. Ooko hakuwa na chumba cha giza cha maana, alikuwa na koti. Koti zito, jeusi, alilonipa akirudi kwao. Unaweka kamera ndani, unafunga vifungo vyote, unakunja shingo na pindo, halafu unaingiza mikono kupitia mikono ya koti kinyumenyume. Macho hayafanyi kazi yoyote. Vidole ndivyo vinaona.

Nikaingiza mikono. Nikapapasa kifuniko. Kikafunguka bila shida.

Nikagusa filamu. Imelowa.

Nikagusa pazia. Kitu kilikuwa kimejisokota hapo, chembamba, kirefu... Nikakivuta. Kikaendelea kuja. Nywele.

Halafu mkono ukashika wangu.

Sikupiga kelele. Mimi si wa kelele. Ulikuwa baridi, wenye mchanga, na kidole chake cha pete kilikuwa kifupi. Nilikuwepo siku panga la kupogoa chai lilipomkata dada yangu hapo. Mimi ndiye nilikifunga na leso.

Ulinibana. Ulinibana sana, mpaka mifupa ikalia. Halafu ukaniachilia.

Nikatoa mikono taratibu. Kipruto alikuwa ananiangalia kama ng'ombe mbele ya dipu la dawa.

Nikamwambia vidole vyangu ni vya mzee, vimekufa ganzi. Kazi imebaki kidogo, aingize yeye, avute tu. Akakataa. Nikamuuliza kama mwanaume mzima, mzee wa kanisa, anaogopa koti.

Akaingiza.

Nikahesabu moyoni. Moja. Mbili...

Uso wake ukafa. Akavuta mikono, haikutoka. Akasimama, koti likasimama naye. Ndani yake nikasikia sauti ndogo kavu, moja baada ya nyingine. Nilidhani ni pazia limeachia.

Vilikuwa vidole vyake.

"Mwambie aache," akanong'ona. "Shemeji, mwambie."

"Nimwambie nani?"

Akalia. Nami nikavuta kiti, nikakaa, nikamimina chai. Wengine wangemwonea huruma. Mimi nilipuliza chai yangu ipoe.

"Uliweka dada yangu wapi, Kipruto?"

"Kwa mistari ya juu... karibu na mtaro. Ile chai ya kwanza nilipanda."

Hiyo chai amechuma miaka yote hii, kila wiki mbili, kwa vidole hivyo hivyo.

Koti likaanguka. Kamera ikatoka ikibingirika, imefunguka, imejaa udongo mwekundu na mizizi myembamba ya chai. Pazia likafunga lenyewe. Tak. Mikono ya Kipruto ilikuwa imelowa mpaka kwa viwiko, na hakuna kidole kilichokuwa kinaangalia kule Mungu alikielekeza.

Polisi walichimba kesho yake. Chepchumba alikuwepo. Tukamzika vizuri, na wimbo. Kipruto yuko rumande, na nasikia daktari amefunga mikono yake mara tatu, kila asubuhi inapatikana imevunjika upya. Vizuri. Ivunjike.

Ingefaa niishie hapo.

Lakini siku ya mazishi, Syprose wa kanisani aliniuliza nani alikuwa wa mwisho kumwona Chepchumba akiwa hai. Nikasema bwana yake. Ni kweli, lakini si yote. Jioni ile ya mwisho alikuja kwangu. Aligonga chini chini, akaita jina langu, akasema, "Leo huyu mtu ataniua." Nilikuwa kitandani, nimechoka, tena nimechoka na ugomvi wao wa kila wiki. Nikanyamaza mpaka akaenda.

Hakuna mtu nimewahi kuambia.

Tangu tumzike, kila jioni ukungu ukishuka, mlango unagongwa. Chini chini. Jina langu linaitwa, la utotoni, ambalo walio hai hawalijui.

Ninazima taa, ninakaa kitandani.

Mpaka leo sijafungua. Lakini yeye siku hizi haendi.