Gari Jeusi Lisilo na Namba

Jumamosi hiyo Asifiwe aliosha vyombo kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umevimba vifundo, na kila alipouingiza kwenye maji ya sabuni uliwasha kama umepakwa pilipili. Jana yake, wakati wa mapumziko, alikuwa amempiga Brightson ngumi ya mdomo mbele ya darasa zima la sita.

"Osha kwa mikono miwili," alisema mama yake, aliyekuwa anachambua mchele mlangoni. "Mkono uliopata nguvu ya kumpasua mdomo mtoto wa watu hauwezi kushindwa na sufuria."

"Alinianza, Mama."

"Alikupiga?"

Asifiwe akainamia sufuria. Brightson hakumpiga. Alikuwa ametania tu, na utani wenyewe ulihusu magari.

Baba yake, Ferdinand, alikuwa karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Tangu atangaze kwamba baada ya miaka minane ya kujinyima sasa atanunua gari, nyumba yao ya Gongo la Mboto haikuwa na mazungumzo mengine. Alikuwa amechuja na kuchuja mpaka yakabaki magari mawili, yote ya chini, yote yenye mbio: Subaru la bluu kwenye yadi moja ya kuuza magari, Kinondoni, na Crown jeusi kwenye yadi moja ya Temeke. Huko shuleni watoto waligawanyika kama mashabiki wa mpira. Asifiwe alishika Subaru. Brightson, ambaye ni jirani yao, alishika Crown. Wakawekeana ahadi: atakayeshindwa atabeba begi la mwenzake muhula mzima.

"Anza kuzoeza mgongo," Brightson alikuwa amemwambia hiyo jana. "Baba yako ni mtu mzima, atachukua Crown. Subaru ni kelele tu, kama mama yako akigombea ndoo bombani."

Darasa likacheka. Ngumi ikatoka kabla Asifiwe hajajua kwamba ameikunja.

Saa tatu asubuhi baba na binti walikuwa Kinondoni. Ferdinand alikuwa mtu wa utaratibu. Alitoa mfukoni karatasi aliyoiandika usiku uliopita: breki, usukani, gia, sauti za chini, viti. Aliliendesha Subaru barabara kubwa na barabara ya vumbi, akiweka alama moja baada ya nyingine. Alipokanyaga mafuta, gari lilinguruma na kumsukuma Asifiwe kwenye kiti. Moyo wake ukaruka.

"Tumelipenda, eti Baba?"

"Tumelijaribu," baba yake alijibu akitabasamu. "Kupenda ni baadaye."

Kutoka hapo walikwenda Temeke. Mwenye yadi, Mzee Sadruddin, aliipokea shikamoo ya Asifiwe, akaeleza desturi ya hapo kwa upole. Kitambulisho cha mteja kinabaki mezani mpaka gari lirudi, na mtu wa yadi anakwenda na mteja. Mtu mwenyewe alikuwa Marselino, kijana mwembamba mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mistari ikasimama.

"Karibu mzee. Karibu mdogo wangu," alisema, akamfungulia Asifiwe mlango kama anamfungulia bibi harusi.

Ferdinand alishika usukani, karatasi yake pajani. Crown halikunguruma. Liliteleza. Walipopita kwenye tuta, Ferdinand alisubiri mtikisiko, mtikisiko haukuja, akacheka kwa sauti. "Mie nilidhani nimekalia godoro!" Asifiwe alikumbuka kwamba kwenye Subaru baba alitabasamu, lakini hakucheka. Akaanza kuhisi mikanda ya begi la Brightson ikimkata mabegani.

"Tumpitie fundi Fakihi alikague chini," alisema Ferdinand. "Fakihi akilikubali, nimemaliza. Sirudi tena Kinondoni."

Gereji ya Fakihi ilikuwa ndani ya uchochoro, na mdomo wa uchochoro ulikuwa umezibwa na lori la saruji. Ferdinand akaacha begi lake la nyaraka kwenye kiti cha nyuma, akaingia kwa miguu kumwita fundi. Asifiwe, aliyekuwa amenuna, alishuka na kusimama kwenye kivuli cha banda la mama ntilie mmoja aitwaye Mwanaasha. Ng'ambo ya barabara kilikuwa kijiwe cha bodaboda.

Dereva wa lori alipiga honi. Alitaka nafasi ya kurudi nyuma. Marselino akahamia kwenye usukani, akatoa kichwa dirishani.

"Mdogo wangu, nakwenda kugeuza gari pale kwenye kona, huyu bwana apite. Mwambie mzee narudi sasa hivi."

"Sawa, kaka."

Gari likaondoka. Haikupita dakika mbili baba yake akatokea na Fakihi, mikono ya fundi ikiwa imejaa grisi.

"Gari liko wapi?"

"Ameondoka nalo," alisema Asifiwe.

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema yaliyobaki. Maneno ya Marselino yalikuwa bado ya moto masikioni mwake.

"Kwenda wapi? Hakukwambia kitu?"

"Hakusema kitu. Kaondoka mbio tu."

Hakuwa na nia ya kumuumiza mtu. Alifikiri Crown litarudi, baba atamkasirikia Marselino, ataona yadi ile haina watu wa kuaminika, na watarudi Kinondoni. Hakufikiri zaidi ya hapo. Alikuwa amesahau kwamba barabarani kuna masikio mengine.

Ferdinand alishika kichwa. "Kitambulisho changu kiko kule yadi! Begi langu limo ndani! Jamani, nimeibiwa?"

Alikuwa anauliza. Lakini ng'ambo ya barabara swali lilifika kama jibu.

"Mzee kaibiwa gari! Lile jeusi, halina namba! Mwizi! Mwizi!"

Gari la yadi bado lilikuwa halijafungwa namba za usajili, na jambo hilo dogo likawa ushahidi wote uliohitajika. Pikipiki saba ziliwaka kwa mpigo. Wakati huo Marselino alikuwa ameshageuza na anarudi polepole, taa ya kuonyesha anapinda ikiwaka na kuzima. Alipoona pikipiki zinamjia, alisimama pembeni, karibu na banda la Mwanaasha, azipishe.

Walimtoa kwa kumvuta shati. Kioo cha mlango kilipasuka. Wa kwanza alimpiga kwa kofia ngumu ya pikipiki, na sauti yake ilikuwa kama nazi inavunjwa. Wa pili alikuwa na mnyororo. Watu wakatoka madukani, wakatoka gereji, wengine hawakujua hata kimeibiwa nini, wakaongeza mateke na mawe.

"Mie ni wa yadi!" Marselino alilia akijikinga kwa mikono. "Wa yadi jamani! Niulizeni!"

"Wote mnasemaga hivyohivyo!"

Shati jeupe likawa jekundu. Mtu akaja anaviringisha tairi bovu kutoka gereji. Mwingine akapaza sauti, "Petroli! Nani ana petroli?" na chupa ikaanza kupita mkono kwa mkono juu ya vichwa.

Ferdinand aliingia katikati yao akipiga kelele, "Msimpige! Tumwulize kwanza!" Kiwiko kikampata shingoni, akaanguka, watu wakamruka.

Asifiwe alikuwa anapiga mayowe. "Ni uongo! Nilidanganya!" Sauti yake ilimezwa. Hakuna aliyegeuka. Kitu alichokiachia kwa pumzi moja hakikuweza kurudishwa kwa mayowe mia.

Ndipo Mwanaasha alipotoka bandani na beseni la maji ya kuoshea vyombo, akawamwagia wale wa mbele.

"Mtachoma mtu mbele ya sufuria zangu? Hamna mama nyie?"

Wakamsukuma, lakini kwa sekunde chache duara lilifunguka. Asifiwe alipita chini ya makwapa yao. Mlango wa dereva ulikuwa wazi, injini bado inaunguruma. Akajitupa kwenye kiti, akaiweka mikono yote miwili juu ya honi, hata ule uliovimba, akaegemea kwa uzito wake wote.

Honi ya Crown ililia. Ililia bila kukatika, mpaka mtu mmoja akageuka, kisha watano, kisha mkono ulioinua jiwe ukashuka ili mwenyewe atazame.

Asifiwe akaachia honi, akatoa kichwa kwenye mlango uliokuwa wazi.

"Si mwizi! Aliniambia anakwenda kugeuza gari! Nilimdanganya baba yangu! Mwongo ni mie! Ni mie!"

Ikasikika sufuria ya Mwanaasha ikichemka.

"Unasemaje, we mtoto?" aliuliza yule wa mnyororo.

Asifiwe akarudia. Yule mtu akainua mkono wa kumpiga. Mwanaasha akaudaka hewani.

"Umeshapiga vya kutosha leo, baba. Acha."

Mwenye chupa aliiweka chini taratibu, kama mtu anayeogopa kuiamsha. Mwenye tairi hakuonekana tena. Pikipiki zikaondoka moja moja, bila kelele. Watu waliobaki walitazama mikono yao.

Ferdinand na Fakihi walimlaza Marselino kwenye kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwa Asifiwe. Kiti kilikuwa cha rangi ya maziwa. Ferdinand aliendesha kuelekea hospitali, na barabara ileile iliyokuwa laini kama godoro sasa ilikuwa na shimo kila hatua, na kwa kila shimo Marselino aliguna. Damu ilipita kati ya vidole vya Asifiwe.

Madaktari walimpokea. Taya lilikuwa limevunjika, mbavu mbili pia, na sikio la kushoto lilikuwa linatoka damu. "Angechelewa kidogo tu," alisema muuguzi, akaacha kumalizia. Ferdinand alikwenda kituo cha polisi kuchukua PF3, fomu inayotakiwa hospitali kwa mtu aliyepigwa. Alimchukua Asifiwe, naye akaeleza mwenyewe mbele ya askari, neno kwa neno, alichoambiwa na Marselino na alichomwambia baba yake.

Waliporudi, Mzee Sadruddin, ambaye Ferdinand alikuwa amempigia simu, alikuwa tayari kwenye benchi la hospitali.

"Gari nalichukua mimi," Ferdinand alimwambia. "Kioo na kiti ni juu yangu. Na matibabu."

"Gari ni bati, bwana Ferdinand," mzee alijibu. "Mimi nimekuja kwa ajili ya kijana."

Mzee alipoondoka kwenda kumwona daktari, Ferdinand alimgeukia binti yake.

"Kwa nini, Asifiwe?"

"Brightson... tuliwekeana ahadi. Ningebeba begi lake."

"Begi gani?"

"La shule."

Ferdinand alifumba macho. Asifiwe alisubiri kofi. Halikuja.

"Na mie nina kosa langu," baba yake alisema mwishowe. "Nilipaza sauti barabarani kabla sijauliza mara ya pili. Lakini uongo huu una miguu. Umeshatembea mtaa mzima. Kesho utaufuata kila ulikopita."

Kesho yake walikwenda, pamoja na mwenyekiti wa mtaa. Asifiwe alisimama kijiweni, gerejini, na kila duka. Kila mahali alisema yaleyale: "Marselino si mwizi. Mie ndiye niliyedanganya." Kijiweni vijana waliangalia chini. Mmoja, mwenye kofia yenye ufa mpya, alinong'ona, "Sie tulisikia mwizi tu."

"Mlisikia," alisema mwenyekiti. "Hamkuuliza. Basi mtaulizwa nyie, na polisi."

Jumatatu Asifiwe alimsubiri Brightson mlangoni kwao, akamwomba radhi kwa ngumi, akanyoosha mkono.

"Lete begi."

"Bwana wee, acha," alisema Brightson, mdomo wake bado una kidonda. "Yale yalikuwa maneno tu."

"Lete."

Alilibeba muhula mzima, na hakuna aliyecheka.

Wiki ya nne Marselino aliruhusiwa kutoka hospitali. Ferdinand na Asifiwe walimfuata kwa Crown, ambalo sasa lilikuwa na namba zake na kioo kipya. Doa la kitini lilikuwa limesuguliwa mara nyingi, likafifia, likakataa kutoka.

Marselino alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda na kifurushi chake. Asifiwe alimkaribia kwa upande wa kushoto, akasema maneno aliyoyafanyia mazoezi mwezi mzima. Marselino hakugeuka. Asifiwe akadhani amekataa kumsikiliza, machozi yakamjaa.

Kisha Marselino akamwona. "Kumbe uko hapo? Zunguka upande huu, mdogo wangu. Huko hakusikiki tena."

Asifiwe akazunguka kitanda, akayasema yote upya, kwa sauti kubwa, wagonjwa wengine wakisikia.

Marselino alimsikiliza mpaka mwisho. "Nimekusamehe," alisema. "Ile honi ndiyo sauti ya mwisho ambayo sikio hili liliisikia. Ni sauti nzuri." Akamgeukia Ferdinand, na taya lililofungwa bandeji likajaribu kutabasamu. "Mzee, siku ile hukumaliza karatasi yako. Umeridhika na gari?"

Ferdinand aliitoa karatasi mfukoni, imekunjamana, na kumkabidhi Asifiwe. "Soma neno la kwanza."

"Breki."

"Gari zuri si lile linalokimbia, mwanangu. Lolote hukimbia. Mimi huanza na breki, kwa sababu lisilosimama litaua, liwe la bluu au jeusi. Ngumi yako haikuwa na breki, wala ulimi wako. Kabla ya kupiga, simama. Kabla ya kusema jambo juu ya mtu, simama, ulipime kama ni kweli. Likishatoka mdomoni, usukani hauko mikononi mwako tena."

Asifiwe aliikunja karatasi, akaiweka kwenye mfuko wa sketi yake.

Walipofika garini, Marselino alikaa mbele. Asifiwe alifungua mlango wa nyuma, akaliona doa, akapanda. Akakaa upande wa kulia, upande wa sikio linalosikia.