Lakiri ya Pantoni ya Ruvu

Kamba ya chuma iliyoongoza pantoni toka ng'ambo hadi ng'ambo ilikatika chombo kikiwa katikati ya mto Ruvu. Ilichapa hewani, ikavunja ukingo, na gogo la ukingo likamwangukia Mwajuma mguuni. Mwajuma alikuwa mchuuzi wa ndizi wa Mkuyuni, na siku hiyo alikuwa abiria pekee.

Milimani mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Huku chini jua liliwaka, lakini maji yalikuja mekundu, yakibeba migomba mizima na mizoga ya mbuzi.

"Ongeza mwendo," alisema Agustino.

"Imefika mwisho," alijibu nahodha, mzee Severini. "Mwisho wako wewe."

Agustino alikuwa fundi mkuu wa mitambo ya kuongozea meli, kutoka karakana ya bandarini, na siku hiyo alikuja kuikagua pantoni. Yeye ndiye aliyeifungia pantoni usukani na kifaa cha kuzuia injini isipite kasi aliyoipanga. Juu ya kifaa alibana lakiri, muhuri wa madini ya risasi, ili mtu asikifungue. Nahodha aliyeivunja alifukuzwa kazi.

"Vunja lakiri, Fundi."

"Injini itapasuka."

"Na sisi?"

Agustino alitega sikio, akihesabu mizunguko ya injini kama alivyozoea. Alikuwa bado anahesabu, pantoni ilipogonga kisiwa cha mawe na matete, ikakwama.

Walikaa hapo siku mbili. Walikinga maji ya mvua ya kunywa kwa turubai, kwa kuwa maji ya mto yalikuwa tope tupu. Walitafuna ndizi mbichi mpaka midomo ikakakamaa. Agustino aliufunga mguu wa Mwajuma kwa rula yake ya chuma.

"Angalau rula yako imepata kazi," alisema Mwajuma, meno yakigongana kwa homa.

Severini hakucheka. Alikaa na upondo mkononi, akimtazama mamba aliyelala kwenye matete.

"Lakiri ya kwanza aliivunja Stefano, mdogo wangu," alisema. "Mto ulijaa hivi hivi. Alivusha watu kumi na wanne. Wewe ukaandika barua."

"Niliandika kuwa injini imeharibika."

"Watu kumi na wanne hukuwaandika."

Asubuhi ya tatu nusu ya kisiwa ilikuwa imekwenda na maji. Kidonda cha Mwajuma kilianza kunuka, na wekundu ulikuwa umepanda mpaka gotini. Angekosa daktari siku hiyo, angekufa.

"Mchanga wa kuegesha uko wapi?" aliuliza Agustino.

"Kwenye kona, upande wa kulia. Lazima tukate mkondo kabla ya ile miamba. Kwa mwendo wako hatufiki."

"Basi ivunje."

"Ivunje mwenyewe. Mkono wa ukoo wetu haugusi risasi hiyo tena."

Agustino alichukua koleo lile lile alilobania lakiri, akaikata. Severini akaisukuma pantoni kwa upondo, akashika usukani. Mkondo uliwadaka. Injini ilipiga kelele, lakini kifaa kilizidi kuivuta nyuma. Agustino aliingiza mkono kwenye joto, akashika springi na kuizuia. Ngozi ya kiganja ilishikana na chuma. Hakuachia.

"Bado," alisema Severini. "Bado. Shikilia."

Mwamba ulipita karibu kiasi cha kuguswa. Kisha pantoni ikaparuza mchanga, injini ikapasuka kwa mshindo, na moshi ukawafunika.

Wakulima wa mpunga waliwaona. Walimbeba Mwajuma kwa machela hadi zahanati ya misheni. Alipona, mguu ukabaki umepinda.

Wiki moja baadaye, Agustino alikwenda nyumbani kwa Severini, mkono wa kulia ukiwa umefungwa bendeji. Hakukaribishwa kiti.

"Shikamoo, mzee. Nina barua ya kuandika, na siwezi kushika kalamu."

Severini aliitikia akiinuka. Kisha akaleta karatasi na wino. "Sema polepole."

"Lakiri nimeivunja mimi, Agustino. Stefano aliivunja kwa sababu hiyo hiyo, akavusha watu kumi na wanne. Naomba arudishwe kazini."

Kalamu ilisimama.

"Hapo niweke 'nilikosa'," alisema Severini.

Agustino alitazama njia iendayo mtoni.

"Weka."

Severini aliandika. Halafu akakishika kidole gumba cha kushoto cha fundi mkuu, akakipaka wino, akakigandamiza chini ya barua.