Godoro Bila Sufuria

Foleni ya kujiandikisha kupiga kura ilitoka ndani ya darasa, ikazunguka bomba la maji, ikarudi mlangoni. Karani alivaa blauzi ya bluu, penseli kaichomeka kwenye nywele. Mbele yake akasimama fundi rangi, kijana mrefu, mikono ya shati lake imejaa madoa ya kila rangi.

"Unakaa wapi, kaka?"

"Nyumba ya kijani, bondeni. Nimehamia juzi."

"Na nani?"

"Peke yangu, dada. Mpaka atokee wa kunihurumia."

Watu wakacheka. Karani hakucheka. Barua ya mwenye nyumba, aliyoileta fundi kuthibitisha makazi, ilikuwa na mwandiko uleule wa barua nyingine nyingi alizopokea asubuhi hiyo. Hata hivyo alimwandikisha, na jioni fundi alipomsubiri getini, akampa namba ya simu.

Shangazi yake karani, aliyemlea, hakupendezwa.

"Mtaa huu ni mizani, mwanangu. Mlimani wapangaji wa zamani wana chama chao, bondeni vijana wana chao, na mara iliyopita tulipishana kura thelathini tu. Sasa wageni wanaletwa kuongeza uzito. Utawajua: chumbani godoro lipo, sufuria hakuna. Huyo si jirani, ni kura."

Wiki tatu simu haikupoa.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Wewe umepika nini?"

"Aa, leo nimekula kazini."

Kila siku fundi alikula kazini.

Jumamosi mchana karani akaenda nyumba ya kijani bila taarifa. Chumbani alikuta godoro la maua mekundu na ndoo. Ukutani hapakuwa hata na msumari.

"Sufuria yako iko wapi?"

Fundi akaanza kucheka, akauona uso wake, akaacha.

"Nililetwa," akasema. "Tuko arobaini. Wametulipia kodi mpaka siku ya kura."

"Na mimi? Nilikuwa kwenye mpango, ili nisiulize maswali?"

"Wewe hukuwa kwenye mpango wa mtu. Naapa."

"Usiape. Mungu ana kazi nyingine."

Jumatatu ilikuwa siku ya mwisho ya kumpelekea msimamizi majina yenye shaka. Akilipeleka la fundi, huenda kijana akafungwa. Akilificha, atakuwa ameuza mtaa uliomlea. Alipiga magoti, akaomba apewe moyo wa kusema kweli hata ukimuuma. Kisha akaandika majina yote ya nyumba ya kijani. La fundi aliliandika mwisho.

Msimamizi akasoma, akavuta karatasi nyingine mezani.

"Huyu wa mwisho alikuja mwenyewe asubuhi. Kaomba afutwe, na kawataja waliowaleta."

Karani alifurahi kwa muda mfupi tu. "Mwizi akirudisha kuku, hesabu mayai," shangazi alimwambia. Fundi akapiga simu siku nne, hakupokea.

Wiki ileile lori likaja kubeba magodoro ya wale walioletwa. Karani na shangazi walisimama ng'ambo ya barabara, macho yao yakifuata kila godoro lililopakiwa. La maua mekundu halikuwemo.

Lori lilipoondoka, fundi akatokea kwenye kona na sufuria mpya, karatasi ya dukani bado imebandikwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hiyo ya watu wangapi?"

"Watano."

"Na unakaa peke yako."

"Nimesikia shangazi anakula vizuri."

Shangazi akageuza uso, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Karani aliichukua sufuria, akatoa mfuniko, akaigeuza, akachungulia ndani.

"Haijapikiwa."

"Nimeinunua sasa hivi. Kodi ya mwezi ujao nimelipa mwenyewe. Nataka kukuoa, lakini najua kwanza utachunguza."

"Nitachunguza."

Akamrudishia sufuria. Mfuniko akaubana kwapani.

"Na huo?"

"Nakaa nao mimi. Siku ukihama, utahama na sufuria wazi, mtaa mzima ukuone."

Akavuka barabara bila kugeuka. Shangazi alibaki nyuma kidogo.

"Jioni njoo upikie kwetu," akamwambia fundi. "Mfuniko utaukuta."