Sauti ya Mama Iliyogeuzwa Picha

"Picha... Picha... Picha..."

Hiyo ndiyo sauti iliyotoka kwenye simu yangu mbele ya kamati ya ardhi, pale Mbale, wakati watu wote walipokuwa wakingoja kumsikia mama yangu.

Nina umri wa miaka thelathini na moja, na sioni. Surua ilinichukua macho nikiwa mdogo. Uso wa mama sikuujua kamwe. Kwangu mimi mama alikuwa sauti tu: sauti nzito, yenye kikohozi cha moshi wa kuni, inayocheka kabla ya kuumaliza mzaha wake mwenyewe.

Sauti hiyo ndiyo niliyonyang'anywa, ndugu wasomaji. Na aliyeninyang'anya ni mtu niliyelala naye kitanda kimoja...

Kwetu ni Nakaloke, nje kidogo ya Mbale. Akina mama wa pale hulima mpunga katika bonde alilowagawia babu yangu. Tajiri mmoja alipodai kwamba bonde lote ni lake, waliunda kikundi cha kulitetea, nami wakanichagua niwe msemaji wao.

Wakati huo nilikuwa nimekutana na Faruku, kijana wa Budondo, kwenye mafunzo ya kompyuta kule Jinja. Ndiye aliyenifundisha kutumia simu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kioo chake. Akaahidi kukijengea kikundi tovuti ambayo hata asiyeona, hata bibi asiyejua kusoma, angeingia na kusikiliza. Ningewezaje kutompenda mtu wa namna hiyo?

Mama peke yake ndiye aliyekuwa amebaki kati ya waliotembea na babu siku mipaka ilipowekwa. Faruku alipomwomba akae kwenye kiti arekodiwe, alikataa. Alisema mpaka hausimuliwi mtu akiwa amekaa. Basi akautembea, tayari akiwa mgonjwa, akitaja kila kona na kila mti na jina la aliyeupanda, na Faruku nyuma yake na kinasa sauti. Mahali fulani Faruku akazama matopeni hadi magotini.

"Mkwe," mama akamwambia, ingawa tulikuwa bado hatujaoana, "hicho chombo chako kinajua kuogelea?"

Kicheko cha wanawake kiliingia humo kwenye rekodi, pamoja na vyura, na maji yakilia chini ya miguu ya mama.

Tulioana, tukapanga chumba Wanyange, kando ya ziwa kule Jinja. Mama akafariki kabla mwaka haujaisha. Kila huzuni iliponibana nilifungua ile tovuti, nikautafuta ukurasa wake, nikamsikia akitembea... Nakala nyingine ilikuwa kwenye kadi ya simu yangu. Faruku akaniomba kadi hiyo aitunze vizuri. Nikampa. Alikuwa mume wangu!

Kisha wafadhili wakaja kutoka Kampala. Walilalamika kwamba tovuti ni nzito na haivutii macho. Faruku akaanza kuibadilisha. Tangu hapo kila nilipomtafuta mama sikumpata. Mara Faruku aliniambia mtandao wa huku ziwani ni mbovu, mara alisema ukurasa unatengenezwa. Wageni waliisifu tovuti yetu kwa rangi zake, nami nikajivunia mume. Kumbe!

Ndipo ikafika siku ya kamati kusikiliza shauri la bonde. Faruku alisema ana kazi, akanihakikishia kwamba sasa kila kitu kiko sawa. Nikasimama, nikafungua ukurasa wa mama... na simu ikasema picha.

Faruku alikuwa ameyaandika maneno ya mama kwenye karatasi, akazipiga karatasi picha, akazipamba kwa maua. Anayeona angeyasoma. Simu yangu haikupata hata neno moja. Na ile rekodi yenyewe haikuwepo.

"Nyabo," mwenyekiti akaniambia kwa upole, kama mwanamke aitwavyo kwa heshima kwetu, "karatasi mtu yeyote anaweza kuandika. Tuliitwa kumsikiliza marehemu." Wakatupa nafasi ya mwisho tuilete rekodi ya asili.

Nje, Hajati Nambozo, rafiki wa mama tangu usichana, alinishika mkono. "Mwanangu, bwana wako ametuvalisha gauni zuri la gomesi," akasema, "halafu akatukata ulimi."

Nilirudi Wanyange nikiitaka ile kadi. Faruku akasema alifuta rekodi zote ili tovuti iwe nyepesi, na kadi aliifuta ili arekodie harusi ya mteja. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Huoni, Zaina. Nikadhani hutajua."

Hutajua! Mimi niliyemjua mama kwa masikio tu?

Bonde lilikwenda, wapendwa. Leo lina seng'enge, na akina mama waliolilima wanalima vibarua kwa watu. Nawasihi ninyi mnaokusanya kumbukumbu za vikundi vyenu: msiziweke mkononi mwa mtu mmoja, hata awe mume, hata awe mwana. Gawaneni nakala. Na mkijengewa tovuti, mpeni kwanza asiyeona aijaribu, kabla wenye macho hawajaisifu. Mimi nilipenda, nikaacha kuuliza. Msipite njia yangu...

Siku ile alipokiri nilimwomba Faruku jambo moja tu: twende wote Nakaloke, akawaambie akina mama kwa kinywa chake mwenyewe.

Akasema hapana. Akasema tuwaambie kwamba watu wa tajiri ndio walioingia kwenye tovuti na kufuta kila kitu. "Wataamini," alisema. "Na hasira itawapa nguvu."

Ni kweli, wangeamini. Nami ningebaki na mume. Nilikaa na wazo hilo kitambo, Mungu anisamehe.

"Mama aliingia kwenye matope akiwa mgonjwa ili isemwe kweli," nikamwambia. "Twende, au uondoke."

Nilimsikia akitafuta viatu. Nilimsikia akisimama kizingitini, akingoja nimwite. Sikumwita. Hatua zake ziliposhuka uani nilinyanyuka, nikapapasa ukuta hadi nikaufikia mlango, nikaufunga nyuma yake.