Kichupa cha Ishirini na Saba

"Mwache apite."

Shangazi alikata kona kwa gea ya tatu. Matairi ya Subaru yalipiga yowe na mwendesha baiskeli mmoja akapanda ukingo wa barabara kuokoa maisha yake.

"Rudia, Mkuu."

Redio ya Motorola ilikwaruza. "Mzigo unaruka saa tano kamili asubuhi hii, ndani ya sanduku la mwanafunzi. Kuvu inayoua mahindi. Mnunuzi anausubiri ng'ambo. Atauachia mashambani, kisha atuuzie dawa yake. Namtaka mnunuzi. Binti mwache apite."

"Na binti itakuwaje?"

"Binti si kazi yetu."

Shangazi aliizima redio akaitupa kiti cha nyuma.

Si kazi yetu! Mwaka jana aliambiwa maneno hayo hayo, naye akatii. Kijana wa mwaka wa tatu, miwani yake imefungwa kwa waya, alipita mbele yake na sanduku la sampuli, akienda wiki kumi za utafiti wa likizo katika maabara ya ugenini. Mnunuzi alinusa hatari, hakutokea. Aliyetiwa pingu ni kijana. Mpaka leo yuko ndani, na mama yake humpigia Shangazi kila Jumatatu, akidhani ni karani wa ubalozi. Huuliza neno moja tu: kuna habari? Shangazi humjibu bado, halafu hukaa na simu mkononi akijichukia.

Saa nne na dakika tano.

Alikanyaga mafuta.

Kazini walimwita Shangazi kwa sababu alikuwa na miaka hamsini na miwili, viatu vya kisigino kifupi, na mkoba wenye miwani ya kusomea, pipi za kifua na bastola ya Glock 19. Watu humpisha kwenye foleni. Wengine wamelala rumande wakijuta kumpisha.

Ukumbi wa uwanja wa ndege ulijaa matoroli. Wanafunzi watano wa sayansi walisimama mbele ya kaunta, fulana zao za samawati zimeandikwa jina la mpango wa kubadilishana watafiti. Katikati yao alikuwa Mratibu wa mpango huo, suti ya kijivu, saa ya Omega, meno yote nje. Alikuwa asafiri nao kama mlezi. Wazazi walimzunguka wakimshukuru, naye aliwavika vilemba vya ukoka mmoja baada ya mwingine.

"Usijali, mzee," alikuwa akimwambia baba mmoja fundi cherehani, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. "Huyu sasa ni mwanangu."

Shangazi alihisi damu ikimpanda kichwani. Mwanao! Na yule wa mwaka jana alikuwa mwana wa nani?

Binti wa fundi cherehani, waliyemwita Kidoti, alikumbatia sanduku jeupe lenye barafu kavu.

"Weka chini, mwanangu," Shangazi alisema. Akainua kitambulisho. "Hakuna anayeondoka."

Mratibu alicheka kwanza.

"Mama, kuna nini? Hizo ni bakteria za udongo. Vichupa arobaini, vibali vyote vipo."

"Arobaini eh? Kama siku za mwizi."

Alivaa glavu, akafungua sanduku. Moshi mweupe ulimwagika sakafuni. Vifuniko arobaini, namba arobaini, mwandiko mmoja. Vyote sawasawa kama mayai kwenye trei.

"Umeandika wewe?" alimuuliza Kidoti.

"Ndiyo, Shangazi." Binti alimwita vile kwa heshima tu, bila kujua. "Juu kwa kalamu, ubavuni kwa penseli."

"Kwa nini mara mbili?"

"Fundi wa maabara ndivyo anavyotufundisha. Kalamu inafutika kwa spiriti, penseli haifutiki. Na kifuniko kinaweza kuhama, ubavu hauhami. Usipoandika ubavuni anakufukuza maabara siku nzima. Ndiyo maana tunamwita Penseli."

Mratibu aliacha kucheka.

Shangazi alivaa miwani yake, akashika koleo, akaanza kuinua kimoja kimoja. Moja, penseli. Mbili, penseli. Abiria walisogea kutazama. Ishirini na tano. Ishirini na sita.

Ishirini na saba.

Ubavu mtupu. Utepe wa gundi tu, pale lebo ilipobanduliwa.

"Masikini," Mratibu alisema haraka, uso ameukunja kama mtu wa msibani. "Kumbe ni wewe, Kidoti? Sanduku lako, sahihi yako, mwandiko wako kwenye kifuniko. Nimekuamini, mtoto, nawe unanifanyia hivi?"

"Si mimi! Baba, wallahi si mimi!"

Fundi cherehani alimshika binti yake begani. Alimtazama Shangazi tu, na macho yale yalikuwa ya yule mama wa Jumatatu.

"Nendeni maabara mkahesabu stoo ya karantini, kunakofungiwa vimelea hatari," Mratibu aliendelea. "Kila kitu kipo. Hakuna kilichopotea."

"Najua hakuna kilichopotea," Shangazi alisema. "Umebadilisha, hukuiba tu."

Akatoa Nokia yake, akapiga namba ya maabara aliyotajiwa na Kidoti, akaweka spika.

"Penseli? Usalama hapa, niko na Kidoti uwanja wa ndege. Ingia stoo ya karantini. Kichupa cha kuvu ya mahindi."

"Kipo, mama. Nakiona. Lebo yake hii hapa."

"Bandua lebo."

"Haibanduliwi bila kibali."

"Penseli, bandua!"

Sauti ya glavu ikikwaruza. Halafu pumzi ndefu.

"Ee Mungu. Chini yake kuna ishirini na saba. Penseli. Saba imekatwa katikati, huyo ni Kidoti. Hiki ni chake!"

"Mwanafunzi anaweza kuingia humo?"

"Mlango unafunguka kwa kidole, na kidole cha mwanafunzi hakimo. Ngoja nisome mashine. Jana, saa sita na dakika kumi mchana. Mratibu."

"Rudi nyuma. Mwaka jana, siku kama hizi."

Mibofyo ya kompyuta. Shangazi alisubiri huku moyo ukimdunda, jambo ambalo risasi haimfanyii.

"Siku moja kabla ya safari yao. Kidole kilekile, mama."

"Chapisha. Nakala tatu. Weka sahihi."

Miaka ishirini Mratibu hakuwa ameosha hata kichupa kimoja. Kazi ya ubavuni ni ya wadogo, yeye alitazama vifuniko tu. Sasa alikipokonya kichupa kwenye koleo, akamsukuma fundi cherehani, akakimbia.

"Nitakifungua!" alipiga kelele. "Mtu asinisogelee!"

Watu walilala chini. Shangazi hakugusa Glock. Risasi ukumbini ni ya wajinga.

Alipiga teke toroli la mizigo.

Toroli lilikwenda moja kwa moja, masanduku matatu juu yake, likamkata magotini. Omega ilipiga sakafu kabla ya pua. Kabla hajainuka, kisigino kifupi kilikuwa juu ya kifundo cha mkono wake, na kichupa, kifuniko bado kimekaza, kilikuwa ndani ya glavu ya Shangazi.

"Unaniumiza!"

"Bado," alisema, akakandamiza. "Yule kijana ana miezi kumi na moja gerezani. Wewe huna hata dakika moja."

Polisi walimbeba. Shangazi alirudi garini, akaweka kichupa kwenye kasha la chuma, akaiwasha redio.

"Umeniharibia kazi!" Mkuu alifoka.

"Kiti cha mlezi kiko wazi. Nikatie tiketi. Mnunuzi nitampelekea mimi mwenyewe, kichupa kitupu. Kama kuna mtu wa kubebeshwa hatari, ni mimi ninayelipwa mshahara. Si watoto wa watu. Unanisikia?"

Redio ilikwaruza. "Nakusikia."

Ukumbini, Kidoti alikuwa akifunga sanduku lake upya, vichupa thelathini na tisa, machozi hayajakauka. Baba yake alimkunja kola ya fulana, akainyoosha, akaikunja tena.

"Penseli anasema hicho kimoja atakutunzia," Shangazi alimwambia. "Twende, tutachelewa."

Njiani kuelekea langoni alipiga namba aliyoijua kwa kichwa. Ilipokelewa mlio wa kwanza.

"Kuna nini?" mama aliuliza kwa hofu. "Leo si Jumatatu."

"Ndiyo, mama," Shangazi alisema, bila kupunguza mwendo. "Leo kuna habari."