Riali Thelathini Mkononi mwa Shahad

Jua lilikuwa linazama nyuma ya majabali Kheiria alipomaliza kufunga kamba mbao za kile kitanda cha mtoto na kuzisukuma ndani ya gari. Alikuwa anakwenda Bustan kurudisha mali ya watu na kuchukua pesa zake. Mwendo mfupi tu kutoka kwake Ruwi, mle mle Maskati. Angemwacha mtoto nyumbani, lakini amwachie nani? Mumewe, Ayman, alikuwa zamu kiwandani Rusayl. Mamake alikuwa kaburini, mwaka wa nne sasa. Basi Shahad akavikwa kofia, akafungwa mkanda kwenye kiti chake. Alikuwa na siku hamsini duniani. Kabla yake mimba tatu zilitoka, moja baada ya moja, na Kheiria bado alikuwa na tabia ya kumwekea mkono kifuani kila saa, kuhakikisha anapumua.

Kitanda walikinunua mtandaoni. Mti mwekundu, nakshi kwenye miguu, riali thelathini. Muuzaji, kijana aitwaye Majid, alikuwa ameandika chini ya picha: kipya, hakijalaliwa.

Wiki ya kwanza ilipita salama. Wiki ya pili, jioni moja baada ya adhana ya magharibi, Kheiria aliingia chumbani akamkuta mwanawe amepakwa wanja. Nyusi mbili zimechorwa vizuri, na tone moja katikati ya paji la uso, kama wanavyopakwa watoto kuwakinga na jicho.

Kheiria hakuwa na wanja nyumbani. Daktari alimkataza.

Akamwosha. Kesho yake, saa ile ile, wanja tena, bado mbichi. Na siku ya tatu ikaja harufu... pilipili manga. Uji wa mzazi, ule anaonyweshwa mwanamke aliyetoka kujifungua. Alikwenda jikoni. Jiko lilikuwa baridi.

Ayman alilichukulia jambo hili kwa mzaha, kwa kuwa aliogopa. Alimwambia mkewe amwandikie muuzaji kwamba kitanda kimekuja na yaya wa bure. Kheiria hakucheka. Alifungua simu aombe kurudishiwa pesa, na programu ikamtaka achague sababu: kimevunjika, si rangi iliyoagizwa, kimechelewa kufika. Alitafuta sababu yake kwenye orodha, hakuiona. Akachagua ya mwisho: sikitaki.

Majid alijibu papo hapo. Pesa atarudishiwa leo leo, aliandika, ila kitanda abaki nacho. Kheiria akakataa. Shida yake haikuwa pesa. Alitaka kile kitu kitoke nyumbani kwake. Siku tatu walivutana hivyo, muuzaji akizisukuma pesa, mnunuzi akikisukuma kitanda. Siku ya nne ukaja ujumbe wa sauti kutoka namba ile ile. Safari hii ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, nzito kwa usingizi uliokosekana.

"Mwanangu, kilete. Aliyekiuza hakuniuliza."

Ndiyo maana jioni ile Kheiria alipita Wadi Kabir, akavuka majabali, akateremka Bustan taa za barabarani zikianza kuwaka.

Mlango ulikuwa wazi. Mwanamke mwembamba alikuwa amesimama kizingitini, kama mtu aliyesimama pale tangu asubuhi. Huyo ndiye Masouda, mamake Majid.

"Masalkheri, mama."

"Masalkheri, mwanangu. Pita. Chumba kipo tayari."

Chumba kilikuwa tayari kweli. Godoro lilitandikwa shuka jeupe. Mto ulikuwa umefukizwa udi. Pembeni palikuwa na bakuli la uji uliopoa mpaka ukaota ngozi juu.

Kheiria alisikia harufu yake kabla hajauona. Pilipili manga.

Akambana Shahad kifuani.

Masouda alimsaidia kuunganisha mbao, na mikono yake ikifunga skrubu alisimulia polepole, bila kuinua macho. Alikuwa na binti, Nawar. Alijifungua mwaka jana, mwezi kama huu. Mtoto alitoka kimya. Nawar aliuliza mara moja tu, mbona halii? Hakusubiri jibu. Alfajiri walizikwa pamoja. Wageni wa msiba walipoondoka, Masouda alisikia mtu anajigeuza kwenye godoro.

Hakuogopa. Alikwenda jikoni akapika uji.

"Hajatoka arobaini yake," alisema. "Mzazi haachwi peke yake, mwanangu. Nani angempikia?"

Alimpikia kila jioni, na kila jioni bakuli lilirudi tupu. Kisha Masouda akaenda Umra. Majid, aliyekuwa amechoka kumwona mamake akizungumza na godoro, alikipiga picha kitanda alichoandaliwa mjukuu akakiuza. Masouda aliporudi, nyumba ilikuwa kimya. Uji ulianza kupoa bila kuguswa.

Kitanda kikasimama. Masouda akaleta bakuli jipya, linatoka moshi, akaliweka kando ya godoro. Wakakaa chini. Kheiria alitaka kuondoka, lakini pesa zake hajapewa, na kumkatisha mama yule aliona dhambi.

Wakangoja.

Shahad, mikononi mwa mamake, aligeuza kichwa. Macho yake yalifuata kitu kutoka mlangoni, polepole, mpaka kwenye godoro.

Shuka likabonyea.

Kheiria aliliona kwa macho yake. Lilibonyea kidogo, kama linavyobonyea mtu mwepesi anapokaa. Uji ukatikisika bakulini, ukapungua kidole kimoja.

Masouda alifunika uso kwa upande wa mtandio wake akalia bila sauti. Alilia kama anavyolia mtu anayempokea mwanawe kutoka safarini.

Kheiria naye machozi yalimtoka. Hofu ilikuwepo, lakini chini ya hofu kulikuwa na kitu kingine. Alijiona yeye mwenyewe, mara zile tatu, akirudi kutoka hospitali mikono mitupu. Akasimama aage.

"Hebu nimshike kidogo," alisema Masouda.

Angemnyima vipi? Akampa. Masouda alimnusa mtoto shingoni, akamsomea, akamtemea dua. Kisha akatoa noti kwenye kifundo cha mtandio, riali thelathini kamili, akazikunja. Mtoto mchanga akionwa mara ya kwanza hutiwa kitu mkononi. Kila nyumba ya Kizanzibari pale Maskati hufanya hivyo, bila kufikiri. Masouda hakufikiri. Alikifungua kile kiganja kidogo akazitia noti ndani.

"Haya, mama. Za kwako hizi, kutoka kwa bibi yako."

Vidole vya Shahad vikafumba.

Kheiria alishukuru, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa. Alimchukua mwanawe na pesa zake mkononi mwake. Alipogeuka mlangoni aliona shuka lile linajaa, linanyooka taratibu, kama mtu anapoinuka. Akadhani Nawar anakwenda kukitazama kitanda chake. Akaondoka na moyo mwepesi.

Alifika Ruwi isha imeshaadhiniwa. Alimlaza Shahad kitandani kwao, kati ya mito miwili, akakaa sebuleni avue viatu. Simu ikalia. Majid.

"Dada, zile pesa mama alikupa wewe, au alimpa mtoto?"

Kheiria aliisoma mara mbili.

"Alimpa mtoto," akaandika.

Juu ya kioo ikaonekana kwamba Majid anaandika. Ikapotea. Ikaonekana tena.

"Mama analia. Anasema mkono ulikwenda wenyewe, hakukusudia. Uji umepoa tena, dada."

Kheiria alijibu kwamba atazirudisha sasa hivi, usiku huu huu, atawasha gari. Hazitaki. Hakuzitaka tangu mwanzo. Jibu lilichelewa, na lilipokuja lilikuwa sauti ya Majid, ya chini, kama anazungumza mamake asisikie.

"Usizilete. Hayo si malipo tena, ni haki ya mjukuu. Mama kamtambua mtoto, na Nawar kasikia. Ukizirudisha, utakuwa unatukabidhi na mtoto mwenyewe. Nisamehe, dada. Mimi nlitaka mama alale tu."

Ujumbe ukaisha.

Chumbani Shahad akaanza kulia.

Kheiria aliinuka mbio. Alikuwa ameshafika nusu ya ukumbi, mkono umenyooka kuelekea kitasa, kilio kilipopungua. Kilipungua kama kinavyopungua mtoto akiinuliwa, akiegemezwa begani. Kikawa kwikwi. Kikawa pumzi.

Kisha nyayo. Hatua nne kwenda, hatua nne kurudi, za mtu asiyevaa viatu. Na sauti ya kike, changa, inanong'ona jambo moja tu, inalirudia kwa mshangao na furaha ya mtu ambaye hajaamini.

"Analia... analia... analia..."

Mkono wa Kheiria ulibaki hewani. Ndani ya kifua chake kitu kilimwambia aingie, amnyakue, apige kelele majirani waje. Na kitu kingine, kilichozikwa mara tatu, kikamwambia angoje.

Akashusha mkono. Akakaa chini, mgongo ukutani, nje ya mlango wa chumba chake mwenyewe, akangoja zamu yake.