Mshono wa Kona ya Kushoto

Duka la vitambaa lilikuwa limefurika watu, na kila mmoja alitaka kuhudumiwa kwanza. Fundi alikuwa ameegemea kaunta akisubiri uzi wake, miguu ikimwaka moto, alipomwona mwanamume mwenye sare nyeupe ya hospitali iliyokunjamana vibaya. Begani alikuwa amebeba paa kuukuu la gari, turubai limechanika hadi kutia huruma. Muuzaji alikuwa anampimia kitambaa cha kufunikia mizigo.

"Hicho usinunue," fundi akasema, hata salamu hakutoa. "Mvua moja tu, utaendesha gari huku umeshika mwavuli."

Mwanamume akageuka. Macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, lakini yalicheka. "Na wewe ni nani, dada, unayeniokoa?"

"Mtu aliyechoka. Nashona viti na mapaa ya magari, gereji ya nyuma ya stendi."

"Mimi pia nimechoka. Basi tuchoke pamoja."

Fundi alicheka, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu wiki ianze.

Gari lilikuwa la marehemu mjomba wa mwanamume huyo, gari la zamani la kukunja paa, na alikuwa akilifufua kidogo kidogo kwa mshahara wa muuguzi wa zamu za usiku. Alilileta gerejini, na kila asubuhi akitoka kazini alipitia hapo, eti kuangalia kazi. Aliketi kwenye kiti kimoja cha gari kilichong'olewa, kando ya cherehani, na kabla mshono mmoja haujaisha, tayari anakoroma. Fundi, na ovaroli yake ya bluu na kilemba cha manjano, alishona turubai jeusi huku akimtupia jicho la pembeni.

"Daktari," alimwuliza siku moja, pini mdomoni, "umekuja kuangalia kazi au kulala?"

"Mimi muuguzi, si daktari. Na nyumbani silali. Nikifumba macho nasikia wagonjwa wananiita. Hapa nasikia cherehani tu, mpenzi."

Neno lilimponyoka. Pini nazo zikamponyoka fundi, na wote wawili wakainama kuziokota bila kutazamana.

Siku ya kulivika gari paa, fundi alilivuta turubai juu ya fremu ya chuma, akapaka gundi, akavuta tena hadi likakaza kama ngozi ya ngoma. Muuguzi akaondoka na gari lake. Asubuhi iliyofuata kile kiti kilikuwa kitupu, na fundi akajiambia kuwa mteja ni mteja, kazi imekwisha. Alijidanganya na alijua.

Haukupita muda, muuguzi akarudi. Kona ya kushoto ilikuwa inavuja. Fundi akashona upya, yeye akalala. Siku chache baadaye akarudi tena, kona ile ile. Mwenye gereji, mtu asiyejua kunong'ona, akasema mbele ya mafundi wote, "Paa hili likirudi tena, mapaa yote nampa mwingine. Wewe utabaki na viti."

Maneno hayo yalimkata fundi maini. Miaka mingi alikuwa amepigania kazi ya mapaa, ambayo wenzake walidai vidole vya mwanamke haviiwezi. Usiku ule alikaa kitandani akiviangalia vidole vyake, na kwa mara ya kwanza hakuviamini.

Paa likarudi. Mwenye gereji akatimiza neno lake pale pale. Fundi akainama na tochi kwenye kona, muuguzi akiwa tayari amesinzia. Uzi unaokatika wenyewe huchanuka ncha. Huu ulikuwa umekatwa, safi. Katika mfuko wa shati la muuguzi ulichungulia mkasi mdogo wa bandeji, na kipande cha uzi mweusi kimenasa kwenye kiungo chake.

Alishona kwanza, maana kazi ni kazi, ndipo akamwamsha.

"Umekata mshono wangu."

Alijipangusa uso. "Kidogo tu. Nilitaka..."

"Nani amekutuma? Fundi gani anaitaka kazi yangu?"

"Hakuna aliyenituma, mpenzi, nisikilize."

"Usiniite hivyo. Ondoka."

Simu ikaanza kuita. Alfajiri, mchana, jioni. Fundi aliigeuza kifudifudi mezani, hadi dada yake akaipokea.

"Bwana Usingizi huyu, anakutaka."

"Mwambie nimekufa."

Dada akasikiliza, akacheka. "Anasema yeye muuguzi, wafu anawajua. Wewe bado."

Fundi akampokonya simu. "Sema."

"Nilikata ili nipate sababu ya kurudi. Paa lilikuwa limekwisha. Mtu mzima anasimama gerejini, anasema nini?"

"Anasema amekuja. Basi." "Umenifanya nivichukie vidole vyangu. Na mapaa nimenyang'anywa."

"Hilo sikulijua."

"Sasa umelijua." Akakata.

Asubuhi mvua ilinyesha kana kwamba mbingu zimetoboka. Gari la paa jeusi likaingia uwanja wa gereji na kusimama mahali pa wazi kabisa. Muuguzi akashuka na sare yake nyeupe, ikaloa papo hapo, akamwita mwenye gereji na mafundi wote.

"Mshono nilikata mimi," akasema kwa sauti, ameuinua mkasi. "Mara zote tatu. Nilitaka sababu ya kuja kulala karibu na fundi wangu. Ingieni mtazame kama paa linavuja."

Mafundi wakacheka hadi wengine wakashika ukuta. Mwenye gereji hakucheka. Aliingia, akapapasa kona ya kushoto kwa muda mrefu, akatoka na kiganja kikavu. "Mapaa ni yako," akamwambia fundi, safari hii kwa sauti ya chini. "Samahani."

Fundi hakumkimbilia mtu. Alikuwa bado anaumia. Alinyoosha mkono tu, na muuguzi akauweka mkasi kiganjani. Akautia ndani ya droo ya cherehani, akaifunga.

"Leo gari lina tatizo gani?"

"Halina."

"Basi umefuata nini hapa?"

Muuguzi akafuta maji usoni. Hakutafuta neno jingine.

"Nimekuja."

Fundi akakikamata kile kiti kwa mikono miwili, akakivuta karibu zaidi na cherehani.